Namwagilia Zege, Wenzangu Wananiita Kiherehere

SWALI

Shikamoo mama,

Mimi ni kijana wa miaka 25, naishi Dodoma, nina mke na mtoto mmoja wa kike. Kazi yangu ni uashi, ingawa kwenye malipo bado nahesabiwa saidia fundi. Niko chini ya fundi mmoja mzoefu ambaye ndiye anachukua kazi kwa matajiri, sisi vijana tunalipwa kwa siku.

Kwa sasa tunajenga nyumba ya dada mmoja aliyeko Muscat, anafanya kazi za ndani huko. Pesa anatuma kidogo kidogo kadiri anavyopata. Msimamizi ni mjomba wake, mzee wa watu ambaye hajui ujenzi. Anakuja Jumamosi, anazunguka nyumba, anapiga picha kwa simu, anamtumia mpwa wake, anaondoka. Mama wa huyo dada amepanga chumba mtaa huo huo, anamngojea binti yake amalizie nyumba ahamie na wajukuu.

Tatizo langu ni hili. Nimelelewa na babu mzaa mama, na mzee yule ukiacha tuta moja bila kupalilia alikuwa anakurudisha shambani jioni hiyo hiyo. Imeniingia. Nikiona ukuta umetoka nje ya timazi siwezi kuupita. Tukifyatua matofali nawahi asubuhi kuyamwagilia kabla jua halijakaza. Tukimwaga linta, ule mkanda wa zege wa juu ya milango na madirisha, kesho yake nafunika kwa magunia na kuyalowesha, hata kama ni Jumapili. Wenzangu wamenichukia. Wananiita kiherehere, wengine wananiita mkwe wa tajiri. Mmoja aliniuliza mbele ya wote, "Unamkomalia nani wewe? Mwenye nyumba hakuoni, fundi hakuongezi hata mia, na lipu ikishapigwa nani atajua kilichomo ndani?"

Na kusema kweli mama, sikuwa na jibu. Nalipwa Sh 15,000 kwa siku, sawasawa na anayeshinda kivulini anachezea simu. Malipo ya mwezi uliopita yalichelewa sana, na tangu hapo wenzangu wanategea waziwazi, wanavuta siku. Mifuko ya saruji nayo imeanza kutoka usiku. Sijamkamata mtu, ila stoo naipanga mimi, na asubuhi naona imepungua.

Kilichonisukuma kuandika ni nguzo. Wiki ijayo tunamwaga zege la mnara wa tenki la maji la lita 5,000, utakaokaa nyuma ya jiko. Ramani inasema ringi zifungwe kila sentimita 15. Fundi ameniambia nifunge kila 30, na saruji tuibane. Anasema, "Tenki la plastiki lina uzito gani?" Nilipojaribu kumjibu akaniambia kama najua sana nikatafute kazi yangu.

Nyumbani nako hakuna raha. Narudi nimechoka, naoga, nakula, nalala. Mke wangu analalamika kuhusu banda la kuku nililolianza tangu Pasaka na halijaezekwa, na masomo ya jioni ya kusoma ramani ambayo niliyaacha njiani. Namwambia nguvu zangu zote zinaishia saiti.

Je mama, hizi juhudi zangu ni ujinga? Nipunguze nifanane na wenzangu tuishi kwa amani? Na kuhusu nguzo, nifumbe macho nilinde ugali wa mtoto?

Ni mimi kijana wako,
Saidia fundi, Dodoma


JIBU

Marahaba mwanangu.

Nitaanza na nguzo kwa sababu ndizo zenye haraka. Mengine yanaweza kungoja, lakini zege likishaganda halina kurudi nyuma.

Lita 5,000 za maji ni kilo 5,000. Ni tani 5 juu ya vichwa vya watu, kabla hujahesabu tenki lenyewe wala jamvi la zege litakalolibeba. Na unasema mnara uko nyuma ya jiko, mahali ambapo bibi atakuwa anaosha vyombo na wajukuu wanacheza. Fundi wako anapouliza plastiki ina uzito gani, anajua vizuri kwamba chenye uzito si plastiki, ni maji. Dodoma tenki linajazwa likae limejaa, maana maji ya bomba hayaji kila siku.

Unajua ringi zina kazi gani, lakini nitaiandika kwa ajili ya wasomaji wasiojua. Nondo ndefu za nguzo zinabeba mzigo zikiwa zimesimama. Mzigo ukizikandamiza, zinataka kupinda kwenda nje na kupasua zege lililozizunguka. Ringi ndizo zinazishika zisitoke. Ukizifunga kila sentimita 30 badala ya 15 umeondoa nusu ya vishikio. Ukibana na saruji juu yake, kisha vijana wakaongeza maji ili zege literemke bila kusumbua, utapata nguzo yenye matundu ndani na uso mzuri nje. Lipu itaifunika. Mvua na upepo havitajua kwamba ilifunikwa.

Sasa fanya hivi. Mtafute fundi peke yake, asubuhi kabla vijana hawajafika au jioni wakiwa wameondoka. Usimkosoe mbele ya watu. Mtu mzima akiaibishwa anatetea hata asichokiamini. Mwambie, "Fundi, naomba nguzo za tenki nizisuke kama ramani inavyosema. Kazi ya ziada ya kukunja ringi nitaifanya mimi." Nondo inayoongezeka hapo ni kidogo ukilinganisha na gharama ya mnara mzima, na yeye anaijua hesabu hiyo kuliko mimi.

Akikataa, nenda kwa mjomba mtu. Huna haja ya kumshtaki fundi. Mwombe jambo ambalo ni la kawaida kwenye saiti yoyote inayojiheshimu: aliyechora ramani, au fundi mwingine anayeaminika, aje aone nondo kabla zege halijamwagwa. Nondo zikiwa wazi, hata mzee asiyejua ujenzi anaweza kuweka futi kamba na kusoma namba, halafu akapiga picha amtumie mpwa wake. Atakuwa amemtumia picha moja yenye maana kuliko zote za Jumamosi zilizopita.

Na kama mzee naye atapuuza, mwanangu, usizisuke nguzo hizo kwa mkono wako. Najua ninachokuambia. Utakosa Sh 15,000 za siku hiyo na pengine kazi yenyewe, na mwenye mtoto mdogo hawezi kulichukulia hilo kwa wepesi. Mimi pia silichukulii kwa wepesi. Lakini ukisuka nguzo unayoijua kuwa mbovu, utakuwa unapita mtaa ule ukiangalia juu kila mara.

Sitaki kukutisha kwa maneno matupu. Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 30. Aprili 2016 jengo la makazi lilianguka Huruma, Nairobi, usiku wa mvua kubwa. Tarehe 16 Novemba 2024 ikawa Kariakoo. Sisemi majengo hayo yalianguka kwa sababu ya vibarua wategaji. Jengo bovu lina mikono mingi: mwenye mali, mchoraji, mkaguzi, muuza nondo, fundi. Ninachosema ni kwamba kila mmoja kati ya hao anaweza kujiambia kuwa sehemu yake ni ndogo. Wewe sehemu yako unaijua, na umeniandikia kwa sababu haikupi usingizi.

Jambo la pili la haraka ni saruji. Umeandika kwamba stoo unaipanga wewe na upungufu unauona wewe. Basi elewa kwamba siku jambo hili likilipuka, wa kwanza kushikwa shati ni wewe. Tafuta daftari leo. Asubuhi hesabu mifuko, andika, fundi aweke saini. Jioni vivyo hivyo. Usimtaje mtu yeyote wala usifanye upelelezi. Daftari lenye saini likianza kutembea, mifuko nayo huacha kutembea usiku. Na ikumbuke ile mifuko ilikotoka: kila mmoja umetoka kwenye mshahara wa mwanamke anayepiga deki nyumba ya watu Muscat ili mama yake aache kulipa kodi.

Sasa nije kwenye swali lako kubwa, kama juhudi zako ni ujinga.

Vijana wa rika lako mmechoka kuhubiriwa kazi, na siwalaumu. Nchi hii ilianza na kaulimbiu ya Uhuru na Kazi, Azimio la Arusha la 1967 likatuambia juhudi na maarifa, mwaka 2015 ikaja Hapa Kazi Tu. Kila kizazi kimeambiwa kichape kazi, na kila kizazi kimeona wachapakazi wanaokufa maskini na wategaji wanaopanda vyeo. Kwa hiyo mwenzako alipokuuliza unamkomalia nani, hakuuliza swali la kijinga. Ana nusu ya ukweli. Fundi hamlipi kwa wakati, hawatofautishi mwenye bidii na mvivu, na anawaamrisha wote wabane saruji. Mtu akifanyiwa hivyo, mikono inalegea yenyewe.

Lakini angalia wanamdai nani na wanamlipiza nani. Deni lao liko kwa fundi. Adhabu wanampa yule dada na mama yake, ambao hawajawadhulumu hata senti, tena pesa wameshatoa. Hapo ndipo nusu ya ukweli wao inapoishia.

Na kuna kitu ambacho mtegaji hakioni kwa sababu kinamjia polepole. Watu wengi hujiambia, "Hii ni ya watu, nikipata ya kwangu mtaniona." Nimeishi vya kutosha kuwaona walipopata ya kwao. Mkono unafanya ulichozoea. Aliyekaa miaka akipiga lipu juu ya ukuta uliopinda, siku ya nyumba yake mwenyewe jicho lake halioni tena kwamba umepinda. Aliyezoea kufika saa tatu, akifungua duka lake atalifungua saa tatu. Wewe unaamka kumwagilia linta kwa sababu unajua zege linahitaji unyevu ili likomae, angalau siku 7 za mwanzo, na kwamba nguvu yake mafundi huipima ikifika siku ya 28. Kwa jua na upepo mkavu wa Dodoma, linta isiyomwagiliwa inakauka kabla haijakomaa. Mwenzako aliye kivulini anaweza kuwa amesikia maneno hayo hayo, ila wewe umeyaona kwa macho: umegonga linta iliyomwagiliwa na isiyomwagiliwa, ukasikia tofauti. Ujuzi huo fundi hawezi kukukata kwenye malipo.

Endelea kuuongeza. Lori la mchanga likija wiki ijayo, chukua chupa safi ya maji, tia mchanga hadi katikati, jaza maji, tikisa kwa nguvu, iache itulie. Mchanga unakwenda chini, udongo unakaa juu yake kama utando. Utando ukiwa mnene, mchanga huo una udongo mwingi na utakula nguvu ya saruji, kwa hiyo urudishwe au uoshwe. Fanya jambo hilo mbele ya wenzako, waangalie, watahiniane wenyewe nani amebashiri vizuri. Nina hakika wawili kati yao wataanza kukuuliza maswali.

Hapo kuna jambo nataka nikukemee kidogo, mwanangu, na ulipokee. Nimesoma barua yako mara kadhaa, na sikuona mahali ulipomfundisha mwenzako. Umeona ukuta umetoka nje ya timazi. Je, uliurekebisha baada ya mwenyewe kuondoka, au ulimwita mkarekebisha pamoja? Maana ukivunja kozi, yaani mstari wa matofali, ya mwenzako na kuipanga upya kimyakimya, kesho akija anakuta umemwambia mbele ya watu wote kwamba hajui kazi. Neno kiherehere mara nyingine linatoka hapo. Bidii yenye dharau, hata dharau isiyokusudiwa, inachoma. Mwite mtu, mpe pima maji ashike yeye, aone povu la hewa lilivyokaa pembeni, aseme mwenyewe.

Tena kuna jambo ambalo wewe unaweza kuwafanyia na mtegaji hawezi: kudai malipo. Fundi akiambiwa na mvivu kwamba malipo yamechelewa, jibu analo mdomoni. Akiambiwa na wewe, hana. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema kazi ya kawaida isizidi saa 9 kwa siku wala saa 45 kwa wiki, na saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu. Kibarua naye ni mtu mbele ya sheria hiyo. Nendeni mkiwa pamoja, msemaji uwe wewe, mseme kwa adabu kwamba mnataka siku maalumu ya malipo. Uchapakazi wako ukiwa ngao ya wenzako pia, jina la mkwe wa tajiri litakufa lenyewe.

Na hizo Jumapili unazokwenda kulowesha magunia, unalipwa? Barua yako haisemi, nahisi hulipwi. Kumwagilia ni kazi, haihesabiwi kama sadaka. Mwambie fundi aipangie zamu na malipo. Kufanya kazi kwa moyo wote hakumaanishi kuigawa bure kwa mtu anayeiuza. Fundi ameshamtoza dada wa watu gharama ya zege lililomwagiliwa.

Nimefika nyumbani kwako sasa, na hapa sitakubembeleza. Umeandika kurasa nzima kuhusu nyumba ya watu, na banda la kuku la mkeo limepata mstari mmoja. Tangu Pasaka! Unapofika kwenye linta ya mgeni hata Jumapili unaamka, lakini paa la banda la mama wa mtoto wako linangoja. Babu yako aliyekurudisha shambani kwa tuta moja angesema nini kuhusu banda hilo? Juhudi ikiwa na anwani moja tu, mkeo ana haki ya kuuliza kama na yeye ni mtu wa kufanyiwa kazi nzuri. Sikuombi uongeze jasho. Umechoka, nakuamini. Naomba Jumapili moja uiondoe kwenye linta ya watu, ambayo kuanzia sasa ina zamu, uipeleke kwenye banda. Bati chache, mkeo akishika upande mmoja. Kuku wakianza kutaga, hiyo Sh 15,000 haitakuwa peke yake.

Masomo ya ramani ndiyo yaliyoniuma zaidi. Ulipomjibu fundi kuhusu ringi ulijua unachosema kwa sababu uliweza kusoma sentimita 15 kwenye karatasi. Vijana wengi wa saiti hawawezi, wanafunga wanavyoambiwa. Huko ndiko kunakotenganisha saidia fundi na fundi, na wewe umeacha katikati ya njia. Rudi. Kama ada ndiyo tatizo, waulize VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi aliyejifunzia saitini anapimwa kwa vitendo, anaelekezwa pale alipopungukiwa, na akifaulu anapewa cheti. Umri wako na mikono yako vinakutosha kabisa.

Wahenga walisema kizuri chajiuza. Kwenye uashi sikubaliani nao moja kwa moja, kwa sababu uzuri wa kazi yako unafunikwa na lipu. Inabidi uuoneshe. Piga picha za nondo kabla ya zege, za kozi kabla ya lipu, za linta ikiwa chini ya magunia. Zikae kwenye simu. Siku mtu akitaka fundi wa kujenga choo au uzio, utamfungulia simu umwoneshe ndani ya ukuta, kitu ambacho mafundi wengi hawana cha kuonesha. Anza na kazi ndogo za jina lako mwenyewe mwishoni mwa wiki. Huwezi kukaa chini ya fundi wa namna hii miaka mingi na ukabaki salama. Kama hatakufukuza, atakuchosha.

Na ikiwa atakufukuza kwa ajili ya nguzo, usiondoke ukiwa umenuna bila kudai chako. Siku ulizofanya kazi ni zako. Mdai kwanza kwa mdomo, mbele ya shahidi. Akikataa, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi, na Dodoma ina ofisi. Angalia muda: lalamiko la kuachishwa kazi kwa uonevu hupelekwa ndani ya siku 30, madai mengine kama ya mshahara ndani ya siku 60. Wengi hupoteza haki kwa kusubiri fundi apoe. Kwa hiyo kwenye lile daftari la saruji, ukurasa wa nyuma, andika pia tarehe za siku unazofanya kazi na kiasi ulicholipwa, kuanzia kesho asubuhi, na mwombe fundi asaini na huko.